Ukurasa wa Mashine Namba Saba

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kelepi hakuhitaji mtu wa kumkumbusha, maana alikuwa ndio kwanza anaitazama saa yake ya mkononi pale ardhi ilipotikisika. Alikuwa shambani, amechuchumaa kwenye tuta la viazi vikuu. Ardhi ilijitingisha mara mbili kama ng'ombe anayefukuza nzi, ikatulia. Nazi chache zikaanguka. Mbwa wakabweka, kisha kama walioona haya wakanyamaza. Watu wa kisiwa cha Motukehe walicheka, wakasema hilo nalo si tetemeko, wakaendelea na shughuli zao.

Kumbe chini ya bahari waya wa mtandao ulikuwa umekatika, na ndani ya kisima kiboya cha kupimia maji kilikuwa kimekwama.

La waya lilijulikana papo hapo, kwa sababu simu za kisiwa kizima zilikufa pamoja. La kisima halikujulikana mpaka saa kumi na moja jioni, Kelepi aliporudi nyumbani, akachemsha chai, akapiga funda moja na kulitema. Chai ilikuwa na chumvi.

Alikimbia. Mtu wa miaka sitini na mmoja, magoti yamechakaa, alikimbia hadi kisimani akakuta pampu inanguruma. Kiboya kilichokwama kilikuwa kikiiambia kisima kimejaa, kisima kimejaa, nayo imevuta tangu asubuhi bila kupumzika. Akaing'oa plagi kwenye betri. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko mngurumo.

Kisima cha Motukehe si cha kuchezea. Maji matamu ya kisiwa yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyachota taratibu utakunywa wewe na wajukuu zako. Ukiyavuta kwa pupa, bahari inapanda, na ikishapanda haishuki mwaka huu wala ujao. Kisiwa cha jirani walifanya pupa. Leo kimebaki na kanisa tupu na nguruwe.

Waliochimba kisima ni wakubwa wa Nuku'alofa, mji mkuu. Ndio walioleta pampu, betri na kisanduku cha chuma kilichopigwa lakiri, kisicho na hata swichi ya kuzimia. Kelepi, mlinzi wa kisima, aliwauliza siku ile ile: je, mashine ikishikwa na wazimu? Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akamwambia, mzee, mashine hii ina akili kunishinda mimi na wewe. Kelepi alitaka kumjibu kwamba kumshinda yeye Kelepi, aliyeishia darasa la sita, si kazi ya kujivunia, lakini mkewe Meliame alimfinya mkono.

Ikawa mashine yao yenye akili inavuta kupita kiasi. Meliame alikuwa katibu wa kamati ya maji. Aliandika barua sita, hakujibiwa hata moja. Ya saba hakuandika. Alikwenda shuleni kila wanafunzi walipotoka, akakaa na mwalimu Lesieli, akajifunza kuandika programu yake mwenyewe: pampu ivute, kiboya kikishuka shubiri moja ipumzike. Fundi aliyekuja kukagua mwaka ule alimwonea huruma, au alimwonea aibu, akaitia ndani ya kisanduku, akapiga lakiri upya na kuomba jina lake lisitajwe.

Miaka miwili sasa Meliame hayupo. Tumbo lilimshika siku ya Jumatatu. Boti ya serikali ikafika Alhamisi. Aliyekuwa na redio ya kuiita boti ni ofisa wa kijiji, Siotame, na Siotame ni kaka yake Meliame wa tumbo moja. Aliita, akaambiwa angoje jibu, akangoja. Kelepi alichimba kaburi mwenyewe, na tangu siku hiyo neno shemeji likawa kinywani mwake kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo jioni ile ya chumvi alipokwenda kwa Siotame hakukaa. Alisimama mlangoni, akahama mguu huu akahamia ule, wakati Siotame akiita mji mkuu kwenye redio. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: kisanduku kisifunguliwe na mtu yeyote, fundi atakuja na meli baada ya wiki tatu. Siotame aliliandika jibu hilo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana. Kelepi alimwambia kwamba daftari lile likijaa walizike nalo lenyewe, akaondoka.

Akaanza kuwa yeye ndiye kiboya. Anachomeka plagi, anatazama saa, dakika kumi na mbili zikitimia anachomoa. Saa moja baadaye anachomeka tena. Mchana na usiku, siku nane. Kati ya kuchomeka na kuchomeka hakujua la kufanya na mikono yake. Alizunguka kisima. Alihesabu nguzo za uzio, akazihesabu tena kutokea upande wa pili. Alichota maji kwa kikombe cha bati, akayaweka juu ya ulimi, akafumba macho. Maji yalikuwa yameanza kurudi, lakini nyumba arobaini zilikuwa zinalalamika, kwa kuwa dakika kumi na mbili hazilijazi tangi, na wa upande wa juu kufika alasiri mifereji yao inakohoa upepo. Watu walijitolea kumpokea kwa zamu. Akawakatalia. Watu wa zamu, alisema, ndio wale waliokuwa zamu boti ilipochelewa.

Siku ya nane, Ijumaa, alikaa chini mara moja tu kutoa jiwe kwenye ndara. Alipofumbua macho pampu ilikuwa imenguruma saa tatu. Maji yalikuwa na chumvi kama siku ya kwanza.

Hapo ndipo alipokwenda shuleni, nguo zimemganda mwilini, akamwambia mwalimu Lesieli kwamba anataka programu ya Meliame ibadilishwe. Isisikilize kiboya tena, isikilize saa.

Lesieli alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mwenye mdomo usiomwogopa mzee wala kasisi. Alimtazama juu mpaka chini. Akamwambia kwanza akanawe uso, kwa sababu namna alivyo angezitia mashine homa. Kisha akamwonyesha mashine namba saba, iliyokuwa imekaa pembeni ikiwa wazi, na karatasi imebandikwa kwenye ukingo wa kioo: ISIFUNGWE. ISIZIMWE.

"Maneno ya mkeo yamo humu," alisema. "Tena una bahati, baba. Hii ndiyo kompaila pekee iliyobaki kisiwani."

Kelepi aliuliza kompaila ni mnyama gani. Lesieli akasema ni kitu kinachochukua maneno aliyoandika mtu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo chuma kinayaelewa. Bila hicho, programu ya Meliame ni barua tu, na chuma hakisomi barua. Mashine za shule zilikuwa za msaada, na wakubwa walikuwa wamezifunga zisikubali kuwekewa chochote; zilifungua kurasa za mtandao, basi. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao ukiufungua, kompaila yote inashuka na kukaa ndani ya kivinjari, ikafanya kazi humo humo.

"Si kazi inafanyika huko ng'ambo inarudishwa?" Kelepi aliuliza. "Na waya umekatika."

"Kurasa nyingine ndiyo. Huu hapana. Niliufungua Jumatano ile kwa ajili ya darasa, siku moja kabla waya haujakatika. Kwenye mashine nyingine wanafunzi waliufunga, kwenye hii nikasahau. Ukiwa wazi, unafanya kazi hata kisiwa kikielea kikafika Fiji. Ukifungwa, utataka kushuka upya, na waya haupo."

"Kwa hiyo tumebakiwa na usahaulifu wako."

"Usahaulifu wangu umefanya kazi kuliko ofisi yote ya maji," Lesieli alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tetemeko Kelepi alitoa sauti iliyofanana na kicheko.

Wakafungua maneno ya Meliame. Juu kabisa palikuwa na jina lake kamili, na chini yake mistari ya kigeni ambayo Kelepi hakuifahamu. Ila kati ya mstari na mstari Meliame alikuwa ameacha maelezo kwa lugha ya nyumbani, ambayo mashine huyaruka. Hayo Kelepi aliyasoma, polepole, kidole kikitembea hewani mbele ya kioo. *Hapa usiguse.* *Hapa nilikosea mara tatu.* Na chini zaidi: *Kiboya kikiharibika itabidi tuhesabu dakika. Kelepi anasema kumi na mbili kwa saa, kwa ulimi wake. Nyumba zinataka ishirini, kwa hesabu yangu. Nimuulize tena akiwa hana hasira.*

Aliusoma mstari huo, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akausoma tena. Hakukumbuka kama aliwahi kuulizwa. Hakukumbuka pia ni lini hakuwa na hasira.

Kazi ilichukua alasiri nzima. Lesieli alibadilisha mistari michache, akabonyeza. Ukurasa ukafikiri kwa sekunde arobaini, ukatoa maandishi mekundu. Akarekebisha, akabonyeza, mekundu. Kelepi alikuwa akizunguka madawati nyuma yake mpaka Lesieli akamwambia akae, la sivyo atamfunga kwenye kiti kwa waya wa kuchajia. Ilipofika saa kumi na moja maandishi yakatoka meusi. Kilichobaki ni namba moja tu.

"Dakika ngapi, baba?"

Ulimi wake ulisema kumi na mbili. Ulimi huo ulikuwa umeonja kile kisima kwa miaka sita, na siku nane hizi ulikuwa haujaonja kingine. Lakini mstari ulikuwa pale kwenye kioo, na aliyeuandika hakuwa na mahali pengine pa kushindia hoja.

"Ishirini," alisema.

Lesieli akashauri watengeneze na ya kumi na mbili, waiweke akiba, kwani kubonyeza hakuna gharama. Kelepi akakataa. Alisema Meliame hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Alilisema kwa sauti ya kufunga mlango, na Lesieli akauacha mlango ufungwe.

Jumamosi asubuhi alivunja lakiri kwa patasi. Alitoa bodi ndogo ya kijani, isiyozidi kiganja, akaitia kifuani ndani ya shati na kuipeleka shuleni kama anayebeba kifaranga. Lesieli aliiunganisha kwa waya na mashine namba saba, taa ndogo ikapepesa, ikatulia. Saa nne bodi ilikuwa imerudi kisimani. Pampu ikanguruma dakika ishirini, ikanyamaza yenyewe. Baada ya dakika arobaini ikaamka yenyewe. Watu walikuja kutazama. Mmoja akasema Meliame amefufuka, na Kelepi hakumgombeza.

Alitakiwa akalale. Hakuweza. Alikaa karibu na kisima na kikombe chake. Saa sita maji yalikuwa matamu kuliko jana. Saa nane, matamu. Saa tisa kitu kilimgusa pembeni mwa ulimi. Akasema ni jasho, akafuta midomo. Saa kumi kilimgusa tena. Akasukutua kwa maji ya dafu, akangoja, akaonja. Hakikuwa jasho.

Basi mwanamke yule alikuwa amekosea, na yeye alikuwa sahihi, na hakuwahi kuwa sahihi kwa uchungu namna hiyo. Akachomoa plagi, akang'oa bodi, akaitia kifuani, akaenda shuleni kwa mwendo wa karibu na mbio. Lilikuwa jambo la dakika tano. Kufuta ishirini, kuandika kumi na mbili, kubonyeza.

Siotame alikuwa mlangoni mwa shule anazungusha ufunguo. Kila Jumamosi jioni yeye, aliye ofisa wa kijiji na mzee wa kanisa pia, ndiye aliyefunga shule kwa ajili ya Jumapili, siku ambayo hakuna mkono unaofanya kazi Motukehe. Anazima taa, anazima mashine zilizosahauliwa, anafunga; Jumamosi iliyopita tu hakufika, alikuwa kwenye redio, na Lesieli akafunga mwenyewe. Lesieli alikuwa amekwenda kufanya mazoezi ya kwaya.

Kelepi akauliza kuhusu namba saba.

"Nimezizima zote," Siotame alisema.

"Ilikuwa na karatasi. Imeandikwa isizimwe. Wewe si ndiye unayejua kusoma katika ukoo wenu?"

 Siotame alikuwa ameshika ufunguo kwa mikono miwili.

"Nilipoinama niliona jina la dada yangu. Jina lake, na maneno yake chini. Tangu nina miaka kumi, kama mila inavyomtaka kaka, sijakanyaga chumba alicholala, sijagusa mkeka wake, sijasikiliza asichoniambia mwenyewe. Ningesimama pale nimsome? Niligeuza uso, nikatafuta kitufe kwa kidole, nikazima. Hiyo karatasi ningeisomaje, shemeji, nami nimegeuza uso?"

Kelepi alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya miaka miwili, ameyapanga, mengine ameyanoa. Lakini mtu hawezi kumtukana kaka kwa kumheshimu dada yake, tena dada mwenyewe ni Meliame, na tena hata Meliame angemfinya mkono. Akamwambia afungue mlango tena.

Lesieli akaitwa kutoka kwaya. Alikuja na kitabu cha nyimbo mkononi, akaiwasha mashine, akaufungua ukurasa. Ukawa mweupe. Katikati kukatokea sentensi moja fupi kwamba hakuna mtandao. Akajaribu mara nne, na mara ya nne aliifanya kwa ajili ya Kelepi tu, kama daktari anayempima maiti mbele ya ndugu.

"Maneno yapo," alisema mwishowe. "Hayajapotea hata moja. Cha kuyageuza ndicho hakipo."

"Na bodi?"

"Bodi inajua ishirini. Itajua ishirini mpaka waya uungwe."

Kelepi akatoka bila kuaga. Usiku ule aliirudisha bodi mahali pake na akarudia kuwa kiboya: anachomeka, anahesabu kumi na mbili, anachomoa.

Jumapili ngoma ya kanisa ilipolia mara ya kwanza, Siotame alitokea kwenye njia ya kisimani. Alikuwa amevaa nguo za ibada, shati jeupe, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni kama desturi ya kisiwa, Biblia kwapani. Alisimama upande wa pili wa uzio. Alisema usiku kucha amewaita Nuku'alofa, na wamepatikana. Ofisa wa zamu wa maji yuko hewani mpaka saa nne, na anataka kuongea na aliyevunja lakiri.

"Mwambie yuko kazini."

"Nimemwambia. Anataka wewe." Siotame akaweka Biblia juu ya nguzo ya uzio, akaingia ndani. "Nenda. Nitakaa mimi."

Kelepi alimtazama yule mzee wa kanisa, na mkeka wake, na mikono yake safi.

"Leo Jumapili, shemeji."

"Najua leo ni siku gani."

"Watakupita hapa wote wakienda kanisani. Watakuona."

"Wanione."

Ngoma ikalia mara ya pili. Kelepi alivua saa yake, akaishika kidogo, kisha akampa. Akamwambia dakika kumi na mbili, si kumi na tatu, na asikae chini hata ndara ikiingia jiwe. Siotame akaifunga saa mkononi mwake, akaikodolea macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Akachomeka.

Nyumbani kwa Siotame redio ilikuwa mezani pamoja na lile daftari, na kando yake chungu cha majani ya magimbi yaliyosubiri kwenda kwenye tanuri ya ardhini. Nyimbo zilianza kanisani. Kelepi hakukaa. Akabonyeza kitufe, akajitaja.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya kijana, na nyuma yake feni ilikuwa ikizunguka. Ilianza na namba ya kisanduku. Ikaendelea na namba ya lakiri, na tarehe ya kuvunjwa, na kama aliyevunja ana cheti cha ufundi. Kelepi alisema hana cheti. Ikauliza programu iliyomo imeidhinishwa na nani. Akasema na mke wangu. Ikauliza jina la mke na cheo chake, na Kelepi akalitaja jina, akasikia kalamu ikiliandika mahali fulani ambapo barua zake sita pia zilikuwa zimelala.

"Sasa mimi nikuulize," Kelepi alisema. "Kisima mlichimba nyie. Mlipima udongo, mlipima maji, mlikaa hapa wiki mbili mnakula kuku wetu. Mke wangu alisema ishirini, mimi nasema kumi na mbili, na kwa kumi na mbili nyumba za juu hazinywi. Katika makaratasi yenu, kisima hiki kinavutwa dakika ngapi kwa saa kabla bahari haijapanda?"

Feni ikazunguka. Karatasi zikafunuliwa, nyingi, moja baada ya moja. Sauti ikasema angoje kidogo.

Kelepi hakuachia kitufe kilichokuwa moto chini ya kidole chake mpaka alipokumbuka kwamba akikibana hasikii. Akakiachia. Kule kisimani pampu ilinyamaza, na hakuwa na saa ya kujua kama ilinyamaza kwa wakati. Akabonyeza tena.

"Dakika ngapi?"